Tovuti Haibebi Mabenchi

Vijana wenye kompyuta wana tabia moja inayonikera. Wakiona kazi ambayo watu wazima wameifanya miaka yote kwa jasho na matusi, wanaiwekea kitufe. Kuita gari, kitufe. Kuchangia matanga, kitufe. Sasa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, amerudi Kedowa kutoka chuo kikuu na ameiwekea sinema kitufe.

Anaiita tovuti ya maonyesho. Unaifungua kwenye simu, na bando lako likishapona kutoka kwa ile picha ya juu ya watu wenye meno meupe wanaokula bisi, unapata orodha ya filamu. Si zile za magari kulipuka. Ni kazi za watengenezaji wanaojitegemea, wengi wao Wakenya, ambazo huonyeshwa Nairobi siku chache kisha zikapotea kabla habari zake hazijavuka Naivasha. Unachagua moja, unaandika mahali na tarehe, majirani wanabonyeza "Nitakuja", na idadi ikitimia onyesho linathibitishwa.

"Anko," akaniambia, macho yakimeremeta, "hadhira yenyewe ndiyo mwandalizi."

Nikamwuliza kama hiyo hadhira ina kitambulisho. Ina simu inayopatikana saa nne usiku, benchi la kanisa likivunjika mguu? Itaitwa ofisini na kuulizwa nani aliruhusu watu wakusanyike? Mpwa wangu akacheka kwa adabu, kisha akaniomba kitambulisho changu. Kumbe kila onyesho lazima liwe na mwenyeji, na ile sehemu ya jina kwenye fomu haikubali uandike "hadhira".

Sisemi kwamba wazo ameliota. Wenzetu wamelifanya. Uingereza kuna mama mmoja, Franny Armstrong, aliyetoa filamu ya The Age of Stupid mwaka 2009, kuhusu dunia inavyoungua huku watu wakiangalia. Pesa za kuitengeneza alizichangisha kwa watu wa kawaida na vikundi. Yaani alifanya harambee, ingawa sijasikia kwamba alimwalika mgeni wa heshima. Filamu ilipokwisha, akina Armstrong wakaanzisha mfumo wa mtandaoni, Indie Screenings, ambapo mtu yeyote, popote, aliweza kununua haki ya kuionyesha. Bei ilitegemea wewe ni nani na ulitarajia watu wangapi, na faida ya mlangoni ilibaki mfukoni mwako. Huko Marekani nako, mwaka 2012, ikazinduliwa Tugg: mtu wa kawaida alichagua filamu, ukumbi na saa. Tiketi za kutosha zikinunuliwa kabla ya siku ya mwisho, filamu ilionyeshwa. Zisipotosha, hakuna aliyetozwa hata senti.

Safi kabisa. Lakini angalia wenzetu walivyojaliwa. Ukumbi upo, viti vya kukunjua vipo, stima ipo, choo kipo na kina karatasi. Wanachotafuta kwa tovuti ni watu. Sisi watu tunao. Hapa Kedowa, ukisimamisha pikipiki kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho ukainama kuangalia tairi, kabla hujainuka wamefika watu ishirini wa kukushauri. Kwetu kinachotafutwa ni kila kitu kingine.

Na hata hao watu, usifikiri wanahesabika kwa kitufe. Mpwa wangu aliweka kiwango cha watu sitini, akaenda kulala, akaamka amepata zaidi ya mia. Akanijia mbio na simu. Nikavaa miwani, tukapitia majina pamoja. Huyu yuko Qatar, analinda lango la hoteli. Huyu yuko Boston. Huyu alihamia Bomet alipoolewa na hajakanyaga huku tangu mahari. Huyu ni mwalimu ambaye amewahi kuahidi bati kwenye harambee tatu, na makanisa yote matatu bado yanavuja upande wa bati lake. Mkenya akibonyeza "Nitakuja" anakutakia heri tu. Wale wanaokuja kweli, yaani akina mama wa chama, wazee, vijana wa boda boda na watoto wasiohesabika, hawajabonyeza chochote. Mama mzazi ana kabambe ambayo kazi yake ni kupokea simu, kutoa mwanga, na kumpigia mtu kupitia mfukoni. Hiyo tovuti ataifungua kwa tochi?

Tarehe nayo. Kijana alichagua Jumamosi fulani kwa sababu kalenda ilionyesha iko wazi. Wazi kwa nani? Huku tarehe ya kutoza watu kiingilio haitoki kwenye kalenda, inatoka kwenye malipo ya maziwa. Ukiwaambia watu walete shilingi hamsini siku mbili kabla ya malipo, watakuja kukusalimia mlangoni, wachungulie, wakuombee Mungu, warudi. Na saa kumi na mbili jioni, saa aliyoiandika, ng'ombe wako kwenye kukamuliwa. Ng'ombe hana habari na filamu huru.

Sheria ndiyo iliyonitoa jasho. Kenya hii ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, na kwa sheria hiyo filamu ya kuonyeshwa hadharani lazima iwe imekaguliwa na bodi ya kuainisha filamu na kupewa daraja: GE kwa kila mtu, PG kwa watoto walio na wazazi, kisha 16 na 18. Hapo sina neno, mtoto ni mtoto. Ukitoka hapo kuna ruhusa ya mwenye filamu, maana filamu ni mali ya mtu hata kama binamu yako ameileta kwenye flashi. Ukitoka hapo kuna ofisi moja, siitaji, ambako nilikaa kwenye kiti cha plastiki hadi kikapata umbo langu, nikiulizwa kama mkutano wangu ni wa kisiasa, wa kidini au wa mazishi. Nikasema ni wa sinema. Karani akatafuta kisanduku cha sinema kwenye fomu, akakosa, akaniweka kwenye mazishi.

Kama unataka kujua dawa ya kujaza watu bila tovuti, iulize serikali. Mwaka 2018 bodi ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikasitisha marufuku hiyo kwa siku 7, ili filamu iweze kutimiza masharti ya kupelekwa kwenye tuzo za Oscar. Nairobi watu wakapanga foleni wakajaza kumbi. Hakuna aliyekumbushwa kwa ujumbe wa simu. Mkenya mwambie kitu kipo hadi mwisho wa mwezi, atasema atapitia. Mwambie kinafungwa Jumapili, atakuja Jumamosi na shemeji zake. Mwishowe filamu iliyoiwakilisha Kenya kwenye Oscar msimu ule haikuwa Rafiki, ilikuwa Supa Modo ya Likarion Wainaina, na ndiyo majirani zangu, wakiwemo wale wa Qatar, walioichagua.

Ni chaguo zuri, lazima niseme, hata kama kulalamika ndiko kunakonilisha kwenye safu hii. Supa Modo ni habari za msichana mdogo, Jo, mgonjwa wa ugonjwa usiopona, anayependa filamu za mashujaa wanaoruka angani. Dada yake anaanza kumfanya aamini kwamba ana nguvu hizo, na kijiji kizima kinaingia kwenye njama, hadi kikaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Nikaona ajabu yake: kijiji kwenye filamu kinapanga sinema kwa moyo mmoja, na kijiji kinachoitazama hakiwezi kukubaliana nani ana ufunguo wa stoo ya mabenchi.

Historia nayo iko upande wangu. Sinema huku bara haikuwahi kutuuliza tunataka nini. Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, aliwaza kwamba sinema shambani ingewafanya vibarua waridhike. Sisi wa nchi ya chai hatuhitaji kufafanuliwa maana ya hapo. Wazo lake likawa mradi: kati ya 1935 na 1937, kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, kwa pesa za shirika la Carnegie la Marekani, zilitengenezwa filamu kama 35, na lori likazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Moja ilihusu minyoo ya safura. Nyingine ilihusu benki ya akiba ya posta. Nyingine ilihusu kodi. Fikiria umetoka kibaruani, umenawa miguu, umembeba mtoto begani hadi uwanjani gizani, na kwenye pazia kubwa jeupe serikali inakuonyesha kodi.

Walichagua wao, sawa, hilo ni kosa lao. Lakini lori lilikuja na kila kitu: pazia, mashine, petroli, hata santuri za sauti. Hakuna Mkipsigis aliyeombwa benchi. Sasa tumepewa uhuru wa kuchagua, na lori limeondolewa.

Ukumbi ukawa kanisa moja lenye ukuta mweupe. Nairobi na miji mingine mikubwa, majumba kadhaa ya sinema yamegeuka makanisa. Sisi tulikuwa tunaomba tuelekee upande mwingine kwa usiku mmoja tu, na pasta hakupendezwa na mwelekeo wa safari. Alikubali kwa masharti: kuanza kwa sala, mkalimani awe wa kanisa, na mabenchi yanayotoka darasa la watoto yarudishwe kabla ya saa mbili asubuhi ya Jumapili. Nani atayarudisha? Mpwa wangu akaangalia simu yake. Nikaangalia mgongo wangu.

Basi siku ikafika. Nilibeba mabenchi na mlinzi wa kanisa, naye alikuwa ananieleza jinsi mgongo wake ulivyoanza kuuma wakati wa lile benchi la kwanza. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu, anahakikisha waliobonyeza. Mtu anafika, anaulizwa, "Ulijiandikisha?" Anajibu, "Mimi ni mtoto wa hapa." Ukaguzi umeisha. Watoto hawakupita mlangoni hata kidogo. Ulikuwa ukigeuka unawakuta wamejaa mbele, wamekaa chini, na hakuna aliyeona wametokea wapi.

Kisha, kwa sababu hii ni Kenya na watu walikuwa zaidi ya hamsini mahali pamoja, akatokea mwanasiasa. Si mheshimiwa kamili, ni mtarajiwa tu, anayeuota uchaguzi ujao. Hakubonyeza "Nitakuja". Hawa hunusa. Akaomba dakika mbili za salamu. Akatusalimia kwa niaba ya watu tusiowajua, akaahidi taa za barabarani, akausifu ukuta, akasema vijana wapewe nafasi, na hiyo nafasi akaendelea kuikalia yeye mpaka mtoto mmoja akalia kwa niaba yetu sote. Tovuti ya mpwa wangu ina mahali pa kuandika muda wa filamu. Mahali pa kuandika muda wa mtarajiwa hapapo.

Filamu ikaanza, na mvua nayo ikaanza. Waliowahi kulala chini ya mabati huku milimani wanajua ninachosema. Kericho inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashamba makubwa ya chai yalifikia hatua ya kukodi ndege ziende kuyatibu mawingu kabla hayajashusha mawe kwenye majani. Usiku ule hapakuwa na ndege. Mawe yaliposhuka kwenye mabati, Jo na mama yake walikuwa wanafungua midomo tu ukutani. Mtengenezaji alihangaikia sauti ile studioni, na mawingu ya Mau yakaifuta kwa dakika moja.

Hapo ndipo mkalimani alipokuja na mamlaka yake. Kazi yake ilikuwa kutuwekea kwa Kipsigis yale ya Kiswahili cha Nairobi, Kikuyu na Kiingereza ambayo wazee wasingeyashika. Sasa, ukalimani wa sinema Afrika Mashariki ni kazi ya heshima. Tanzania walikuwa na Lufufu, ambaye watu walilipa kumsikia yeye. Uganda wana ma-VJ, na VJ Emmie wa Wakaliga ameichangamsha Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 hadi dunia ikaitambua kwa sauti yake. Kenya tuna DJ Afro, na hakuna kibanda cha video kisichomjua. Wetu hakuwa katika kundi hilo. Wetu amezoea kukalimani wahubiri wageni, na mhubiri mgeni akisema neno moja yeye hulipanua.

Mama kwenye filamu akasema maneno mengi, kwa uchungu, karibu dakika nzima. Mkalimani akashika kipaza sauti: "Amekataa." Mtoto akajibu kwa neno moja. Mkalimani akavuta pumzi, akaeleza jinsi watoto wa siku hizi wasivyosikia, akagusia simu, akagusia sketi, akafika hadi Sodoma, na aliporudi Kedowa tulikuwa tumevuka matukio mawili. "Semeni Amina," akasema. Tukasema.

Lakini nawaambia watu walitazama. Mama mzazi, ambaye alikuja kwa ajili ya chai ya bure ambayo haikuwepo, alikuwa ameshika leso kwenye kidevu na haongei. Vijana wa boda boda waliosimama nyuma ili waondoke mapema walikuwa wamekaa chini. Kijiji kwenye ukuta kilikuwa kinahangaika kumfurahisha mtoto, mmoja anashona, mwingine anashika kamera vibaya, na watu wa kijiji changu walikuwa wanawacheka huku wakisema, "Huyo ni fulani kabisa." Hakuna mlipuko hata mmoja na hakuna aliyeuliza mlipuko uko wapi.

Robo ya mwisho ya filamu, stima ikapotea.

Projekta ilizimika. Mkalimani hakuzimika. Katika giza lile, bila picha, bila kuwahi kuiona filamu hata siku moja, akaendelea kutusimulia. Jo akapelekwa kwenye mkutano wa maombi. Jo akawekewa mikono. Jo akapona, akasimama, akatembea, akaenda shule, akawa daktari, naye akatoa fungu la kumi. Watu wakapiga makofi, wakaimba pambio, wakaenda nyumbani wamefurahi. Mabenchi yakabaki na mimi.

Nilidhani yameisha hapo. Kufika Jumatatu sokoni, msichana mmoja aliyewahi kuiona filamu ile shuleni huko Nakuru akasema haiishi hivyo. Sitasema nani mkweli, kaitazameni. Lakini Kedowa ikagawanyika. Wa upande wa mkalimani wakasema msichana hana imani. Wa upande wa msichana wakauliza vipi mkalimani aliona gizani. Bei ya viazi ikakosa mtu wa kuibishania. Mzee mmoja aliyekuwa amelala tangu salamu za mtarajiwa akawa shahidi wa pande zote mbili.

Kufikia Jumatano walikuwa kwenye geti langu. Mwenye kinu cha kusaga akasema anatoa jenereta, mafuta wachange wao. Chama cha akina mama kikasema kina viti vya kukodisha vya arusi, havina arusi wiki hiyo. Boda boda wakajigawia safari za kuvileta na kuvirudisha, na mmoja wao akaandika majina kwenye daftari, nani anabeba nini. Tarehe wakaiweka wenyewe, siku moja baada ya malipo ya maziwa. Mpwa wangu alikuwa amesimama pale na simu mkononi, mdomo wazi. Nikamwambia aache kushangaa aandike: aondoe kwenye tovuti yake hicho kihesabu cha "Nitakuja", aweke mahali pa jenereta, viti, pikipiki na mtu wa kufagia, na onyesho lithibitishwe kazi zote zikishapata wenyewe. Qatar watume pesa ya mafuta au wanyamaze. Akaandika. Ni kijana msikivu, amemfuata mama yake.

Mimi nami nikatoa masharti yangu, maana kitambulisho bado ni changu. Mtarajiwa asalimie baada ya filamu, kwa waliobaki. Watoto wapitie mlangoni. Na mkalimani aje kwangu Jumanne, nimwashie kompyuta, aione filamu yote hadi mwisho kabla hajashika kipaza sauti.

Mengine wamekubali. La mkalimani limekwama. Anasema akiiona mapema itampunguzia upako.